Je, sifuri yake inaaminika? Seti ya vipimo vya umeme kwa fundi kompyuta

Nianze na hukumu kwa wale wenye haraka. Mita ni nzuri ukiibadilishia waya na fyuzi. Mkanda wa mkononi unafanya kazi yake. Kipima pawasaplai kinasema nusu ya habari. Kalamu ya kunusa umeme singempa mwanafunzi hata kidogo. Kijitabu kilichomo kina kurasa nzuri, na kina ukurasa mmoja ambao ningeuchana.

Seti yenyewe ni begi dogo la zipu. Ndani kuna multimita ya dijitali na waya zake mbili, mkanda wa kuzuia umeme tuli, mkeka mdogo wa mezani, kipima pawasaplai (pawasaplai ni kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) chenye kioo kidogo, kalamu ya kutambua umeme bila kugusa waya, na kijitabu cha maarifa ya msingi ya umeme kwa mtengenezaji wa kompyuta. Vifaa vya aina hii huuzwa kwa majina mengi na hufanana mpaka skrubu, kwa hiyo jina lililochapwa kwenye begi halitakusaidia sana. Fungua, soma maandishi madogo, pima mwenyewe.

Kazi yangu mimi ni laptopu zisizowaka na kompyuta za mezani zinazojizima ovyo. Karibu kila kinachofika mezani kwangu kinaanza na swali la umeme: unaingia? unaishia wapi? Kabla ya hapo lipo swali la kwanza kabisa, naweza kushika hapa? Kifaa cha kupimia kikiniambia umeme upo wakati haupo, hasara yangu ni muda tu, nitapima tena. Kikiniambia haupo na kumbe upo, hasara ni mkono, na pengine zaidi ya mkono. Basi seti hii nimeikagua kipande kwa kipande kwa swali moja: ukisoma sifuri, nikuamini?

Mita kwanza, maana ndiyo iliyobeba bei ya seti nzima. Inajitafutia renji yenyewe, kioo kina mwanga wa nyuma, swichi ya kuzungusha ni ngumu kiasi cha kutojigeuza ndani ya begi. Kwa usahihi sina ugomvi nayo. Niliiweka sambamba na mita yangu ya siku zote kwenye waya mwekundu wa pawasaplai. Yangu ikasoma volti 5.09, hii 5.08. Kwenye waya wa njano 12.14 kwa 12.12. Tofauti hiyo kwa kazi yetu si kitu, kwa sababu pawasaplai ya ATX, yaani ya muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani, inaruhusiwa kucheza asilimia 5 juu au chini: volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, na ile ya 3.3 kwenye waya wa rangi ya chungwa isishuke chini ya 3.14 wala kuvuka 3.47 hivi. Ukigusanisha ncha zake mbili kwenye omu inasoma 0.3. Huo ni ukinzani wa waya zenyewe, utoe kwenye hesabu yako. Sauti ya kupima muunganiko inachelewa kidogo, jambo linaloudhi ukiwa unasaka shoti kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na unataka kutelezesha ncha haraka.

Sasa tuifungue nyuma, hapo ndipo nilipokunja uso. Mbele imeandikwa CAT III 600V. Maandishi hayo yanatokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 61010, na wengi huyasoma kama sifa ya ubora. Yanachoeleza ni mahali unaporuhusiwa kupima. CAT II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, kama kompyuta zetu. CAT III ni waya zilizojengewa ukutani na bodi ya kugawia umeme. CAT IV ni pale umeme unapoingilia jengo. Kadiri unavyosogea kwenye chanzo, ndivyo mpigo wa ghafla wa volti unavyoweza kuwa mkubwa, na ndivyo shoti ikitokea inavyokuwa na nguvu nyingi nyuma yake. Mita inayojiita ya CAT III 600V inatakiwa iwe na fyuzi zinazoweza kuikata shoti ya hapo. Ndani ya hii nimekuta fyuzi mbili za kioo, ndogo, zimeandikwa 250V.

Fyuzi ya kioo ikikatika mbele ya umeme mkubwa, mwali unaweza kuendelea kuruka ndani ya kile kibomba kitupu, na umeme ukaendelea kupita juu ya uzi ambao haupo tena. Fyuzi za seramiki zilizojazwa mchanga hutengenezwa kwa ajili hiyo. Mchanga unauzima mwali. Utasema, mimi napima volti tu, fyuzi inanihusu nini? Ni kweli, kwenye volti fyuzi haina kazi. Kazi yake inakuja siku waya mwekundu umebaki kwenye tundu la 10A baada ya kupima mkondo wa chaja, kisha mtu mwingine anaichukua mita, anageuza swichi kwenye volti, anachomeka ncha kwenye soketi ya ukutani akitegemea kusoma 230. Ndani ya tundu la ampea kuna kipande cha chuma chenye ukinzani karibu na sifuri. Amegusanisha laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) moja kwa moja, na mita iko mkononi mwake. Kwenye meza yangu sheria ni kwamba aliyepima ampea anarudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hajaiweka mita chini, hata kama atapima ampea tena baada ya muda mfupi.

Waya za kupimia nazo hazilingani na maandishi ya usoni. Hazina alama yoyote ya daraja, na ncha zake zina chuma tupu cha karibu sentimita 2. Waya za CAT III huja na vifuniko vinavyoacha milimita 4 tu wazi. Usidhani hilo ni suala la umeme wa ukutani peke yake: kwenye kiunganishi cha ATX chenye matundu 24, pini za volti 12, volti 5 na ethi zimebanana, na ncha ndefu ikiteleza inazigusa mbili kwa pamoja. Nimezitoa waya hizo na kuweka nyingine siku ileile.

Kuna tabia mbili zaidi za mita hii. Inajizima baada ya dakika 15, na taarifa yake ni mlio mmoja mdogo ambao kwenye chumba chenye feni hausikiki. Na kama mita nyingi za bei nafuu, betri yake ikiisha huanza kusoma juu kuliko ilivyo. Ukiona pawasaplai nzima inasoma volti 13 na 5.5, kagua betri ya mita kwanza. Kwa sababu ya mambo kama haya siikubali sifuri ya mita yoyote, hata ile yangu ya gharama, bila kuiwekea shahidi. Napima kwanza kitu ninachojua kina umeme, kisha ninachotaka kushika, kisha narudi kwenye kile cha kwanza. Ikisoma, sifuri, ikasoma tena, naamini. Kwa utaratibu huo mita hii haijaniangusha.

Tena imenipa kazi moja nzuri ambayo inafaa kuelezwa, maana kila fundi ataletewa. Mteja alikuja na kompyuta ya mezani, analalamika kwamba boksi lake linamng'ata akiligusa kwa upande wa ndani wa mkono. Nilipomuuliza inachomekwa wapi, akanionyesha adapta ya plagi isiyo na pini ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme uliovuja. Nikaiwasha kwa adapta yake hiyohiyo, kibanio kimoja cha mita nimeshakifunga kwenye skrubu tupu ya boksi na kingine kwenye ethi ya soketi, mikono mbali. Mita ikasoma volti 108.

Ukiiona namba hiyo mara ya kwanza unadhani kuna waya umechubuka ndani. Hakuna. Mlangoni mwa pawasaplai kuna kichujio cha kelele za umeme, na ndani yake kapasita mbili ndogo (vipande vinavyohifadhi chaji), moja kutoka laivu kwenda kwenye boksi na nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye boksi. Ethi ikiwepo, kiasi kidogo kinachopita hapo kinakwenda ardhini na hakuna anayejua. Ethi ikikosekana, boksi linabaki linaelea katikati, karibu nusu ya volti za ukutani. Ili nijue ni hilo tu na si hitilafu ya kweli, nilizima, nikafunga rezista ya kiloomu 10 sambamba na mita, nikawasha tena. Zile volti 108 zikaanguka hadi 3 na kitu. Volti 3 kwenye kiloomu 10 ni miliampea 0.3, basi, huo ndio mkondo wote uliopo. Kama waya wa laivu ungekuwa umegusa boksi, volti zisingeanguka hata chembe, na rezista yangu ingechemka na kutoa moshi.

Kwa hiyo mteja hakuwa hatarini? Alikuwa hatarini, ila si kwa kile alichokuwa anakihisi. Siku insulesheni itakapochanika kweli, boksi lake lingekuwa na volti 230 kamili, bila njia ya ethi ya kuupitisha umeme huo ili fyuzi au kikata-umeme kikatike. Mwili wenye mkono uliolowa unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. 230 gawa kwa 1,000 ni miliampea 230, wakati kinga za kumlinda mtu huwekwa zikate kwenye 30. Suluhisho lilikuwa soketi yenye ethi ya kweli. Nikampimia pia waya wake wa umeme ukiwa umechomolewa, kutoka pini ya ethi ya plagi hadi chuma tupu cha boksi, ikasoma chini ya omu moja, safi. Ukipima hivyo usiweke ncha kwenye rangi, rangi haipitishi, tafuta skrubu.

Mkanda wa mkononi sasa. Hapa niliingia na dharau na nikatoka nimeridhika. Kitu cha kukagua ni kimoja: kutoka kibati kinachogusa ngozi hadi kibanio cha mwisho, mita isome karibu megaomu 1. Huu umesoma 1.02. Wapo wanaouza mikanda isiyo na rezista kabisa, na ipo ile inayoitwa ya bila waya, ambayo sijui umeme tuli unategemewa uende wapi, labda unatuma ujumbe.

Hiyo megaomu moja ipo kwa faida yako wewe. Umeme tuli una volti nyingi na chaji kidogo sana, unapita megaomu bila shida na kuisha ndani ya muda usiouhisi. Lakini ukigusa volti 230 kwa bahati mbaya huku umefungwa kwenye ethi, megaomu inaubana mkondo unaopita kwenye mkanda usizidi miliampea 0.23. Mkanda usio nayo unakufunga kwenye ethi kama msumari. Hata hivyo nikifungua kitu chenye umeme mkubwa, pawasaplai au kioo cha zamani chenye taa za mirija na invata yake ya volti mamia, mkanda nauvua. Kazi yake ni kulinda chipu. Binadamu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli ikifika volti 3,000 hivi, na zipo chipu zinazoumia chini ya volti 100, maana yake unaweza kuiua RAM ya mtu bila kuhisi chochote, au mbaya zaidi, kuijeruhi ikaanza kusumbua akiwa keshaondoka nayo. Mkeka wa seti ni mdogo, unatosha madabodi ya laptopu tu, lakini una kifungo cha kuunganishia mkanda na wala hautelezi... kwa kifupi, ni mkeka.

Kipima pawasaplai kinavutia macho. Unachomeka kiunganishi cha matundu 24, kinaiwasha pawasaplai chenyewe kwa kuugusanisha waya wa kijani na ethi, na kwenye kioo zinajipanga volti zote pamoja na ule muda wa waya wa kijivu unaosema umeme umetulia, ambao unatakiwa uwe kati ya milisekunde 100 na 500. Kwa kutambua pawasaplai iliyokufa kabisa au iliyopoteza laini moja, kinafaa na kina haraka. Tatizo ni pale kinapokuambia kila kitu ni kizima.

Ilikuja kompyuta inayojiwasha upya kila ikifungua mchezo. Kipima kikasoma 12.1, 5.0, 3.3, milisekunde 280, hakikulia hata kidogo. Ukiishia hapo utaanza kubadilisha RAM, kisha kadi ya picha, mwisho utaweka Windows upya. Nikairudisha pawasaplai ndani ya kompyuta, nikapenyeza ncha nyembamba ya mita nyuma ya kiunganishi kwenye waya wa njano, nyeusi kwenye boksi, nikawasha na kuipa kazi. Ikiwa imetulia, 12.0. Mchezo ulipofunguka, 11.7, 11.5, 11.2, kioo kikawa cheusi. Kile kipima kinaibebesha pawasaplai mzigo mdogo mno. Kapasita zilizochoka za upande wa pili wa pawasaplai, ule wa volti ndogo, zinaumudu mzigo huo vizuri, zinaanguka zikiombwa ampea za kweli. Wati 300 kwenye laini ya volti 12 ni ampea 25. Kipima cha kukaa kiganjani hakiwezi kuvuta ampea 25, kingeyeyuka. Kwa hiyo kikisema mbovu, mwamini. Kikisema nzima, pima tena ndani ya mashine ikifanya kazi. Nyota mbili na nusu.

Sasa kalamu. Kalamu hii inalia na kuwaka taa ukiisogeza karibu na waya wenye umeme wa ukutani. Inapendeza, na ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote vilivyomo kwenye begi, kwa sababu ukimya wake unafanana sana na usalama.

Dogo anayejifunza kwangu alikuwa amefungua pawasaplai iliyokufa, imechomolewa ukutani, akaipitisha kalamu juu ya ile kapasita kubwa. Kimya.

"Fundi, haina kitu. Niitoe bodi?"

"Mikono mezani kwanza. Lete mita, weka DC."

Nikashika mwenyewe: ncha nyeusi kwenye mguu ulio upande wa mstari, nyekundu kwenye mguu mwingine, mkono mmoja umerudi nyuma. Mita ikasoma 287. Ikawa inashuka taratibu, 286, 285, kama haina habari na sisi. Dogo alisogeza kiti chake nyuma bila kuambiwa.

Kalamu haikuharibika. Inanusa uga wa umeme unaogeuka-geuka, ule wa mizunguko 50 au 60 kwa sekunde. Umeme wa DC umetulia tuli, hauna cha kunuswa. Na ndani ya pawasaplai umeme wa ukutani hugeuzwa DC mara tu unapoingia: 230 tunayoitaja ni wastani wa aina yake, kilele chake ni 325, na kapasita hujaa hadi kwenye kilele. Kwenye pawasaplai zenye saketi ya kurekebisha mkondo wa kuingia, hupandishwa hadi karibu 380 au 400. Kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye volti 325 imebeba joule karibu 25, na inaweza kuzimwaga zote kwa mpigo mmoja.

Kuna jambo wanaoanza hawalitegemei, na nililirudia kwa dogo mpaka akachoka: pawasaplai iliyokufa ndiyo ya kuiogopa zaidi. Ile nzima, ukiichomoa ikiwa inafanya kazi, inaendelea kuula umeme wa kapasita zake hadi unaisha. Iliyokufa haina wa kuula. Kama na ile rezista ya kumwagia chaji imekatika au haikuwekwa, umeme unakaa humo ukikusubiri.

Kuimwaga, natumia rezista ya kiloomu 10, wati 5, yenye waya zilizofunikwa vizuri. Kwa kapasita hiyo ya mikrofaradi 470 inachukua kama nusu dakika kushuka hadi volti chache. Halafu napima, nasubiri, napima tena, kwa sababu kapasita kubwa hujirudishia volti kidogo baada ya kumwagwa. Ile mbinu ya kugusanisha miguu kwa bisibisi inatoboa bisibisi, inaunguza njia za bodi, na cheche yake huruka usoni. Niseme na hili: kama huna sababu maalumu ya kuifungua pawasaplai, usiifungue. Badilisha nzima.

Kimebaki kijitabu. Nilitegemea takataka, nikakuta sura ya kwanza imeandikwa na mtu anayejua. Volti, ampea, omu na wati vimeelezwa kwa mifano ya kompyuta yenyewe, na hesabu zake ni sahihi: chaja ya wati 65 ya volti 19.5 hutoa ampea 3.33, na ukitafuta mbadala, volti zilingane, pande za chanya na hasi zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikiwa zaidi hazidhuru, laptopu huvuta inachohitaji tu. Hilo pekee lingeokoa madabodi nyingi. Kinakumbusha pia ile swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma ya pawasaplai za zamani; ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwenye 230, utasikia mlipuko.

Ukurasa wa kuchana ni ule unaoshauri kompyuta iachwe imechomekwa ukutani unapofanya kazi ndani yake, eti ili boksi liwe na ethi, uzime tu kwa kitufe cha mbele. Kitufe cha mbele hakikati umeme. Waya wa zambarau unabaki na volti 5 muda wote pawasaplai ikiwa imechomekwa, ndiyo maana madabodi nyingi zina kitaa kinachowaka hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kuchomoa RAM hapo ni kuomba shari. Mimi nachomoa waya, nabonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa ili mabaki yaishe, ndipo nafunga mkanda kwenye chuma tupu cha boksi. Nikihitaji ethi ya kweli, zipo plagi zenye pini ya ethi tupu, zisizo na laivu wala nyutro.

Kijitabu pia kinasema volti 12 haina hatari. Kwa ngozi kavu, sawa. Lakini laini ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 40 ikikutana na pete ya kidoleni, pete inageuka nyekundu kabla hujaivua. Vua pete na saa kabla ya kukaa. Na kuhusu betri za laptopu hakuna hata sentensi moja, wakati seli moja ya lithiamu ikijazwa kupita kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni volti 4.2, au ikitobolewa na bisibisi ya mtu anayeibandua kwa nguvu, ni moto ndani ya chumba. Betri iliyovimba haichajiwi, haibanwi, haitobolewi. Na betri nzima hutangulia kuchomolewa kabla ncha ya chochote haijagusa bodi, kwa kuwa kuchomoa chaja peke yake hakuzimi laptopu.

Nani ainunue basi? Anayeanza, atakayeishia kwenye madabodi, chaja na laini za volti 12 kushuka chini, atapata mita ya kutosha na mkanda wa kweli, mradi abadilishe waya. Anayetaka kuingia ndani ya pawasaplai au kupima kwenye bodi ya ukutani atafute mita ambayo fyuzi zake zinasema kile kinachosemwa usoni, na kama bajeti ni moja, aiache seti, anunue mita hiyo peke yake pamoja na mkanda. Mimi nimeibakiza: fyuzi za seramiki za 600V zenye urefu uleule zimeingia bila kulazimisha kwenye nafasi ya zile za kioo, ila ile ya 10A ilihitaji kubanwa vishikio vyake kidogo kwa plaizi. Kalamu nayo imepata kazi inayoiweza. Waya wa kiendelezi ukikatika ndani ya ganda lake, nauchomeka, naipitisha kalamu juu yake kuanzia kwenye plagi. Pale inaponyamaza ndipo naweka alama. Kisha nachomoa, napima kwa mita, ndipo nakata.